Maono ya Mjomba

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua kwenu huko hamna shikamoo, mnaunganisha viganja na kuinama tu, lakini mimi sijui kumsalimia mkubwa kwa njia nyingine. Natumaini u mzima pamoja na kipara chako. Sisi huku si wazima, na sitakuzungusha.

Mama ameacha sindano zake za sukari. Ameziacha tangu ule mkutano wa uponyaji wa mwishoni mwa mwaka. Mtumishi, maana ndivyo wote wanavyomwita hata mkewe, alimnyooshea kidole kutoka jukwaani akasema, "Kuna mama hapa, mguu unamsumbua, na damu yake ina utamu usiotakiwa!" Watu wakalipuka kwa vigelegele. Mjomba, mama alikuwa amekaa mstari wa mbele, kavua kiatu kimoja, mguu umefungwa bandeji nyeupe pee! Na pale getini mhudumu mwenye kitambulisho shingoni alikuwa ameshamuuliza anaumwa nini, tangu lini, anatumia dawa gani. Nilikuwa nimemshika mama mkono, nilisikia kila neno. Nilipomkumbusha baadaye akaniambia nina roho ya kupinga.

Kidonda kilianza kama lengelenge la kiatu. Sasa kimekula unyayo. Kila jioni anakimiminia mafuta ya upako, ambayo ni mafuta ya kupikia yaliyotiwa manukato ya waridi. Sijui nikuelezeje harufu ya nyama inayooza iliyopakwa waridi. Inanifuata hadi kibandani kwangu, inakaa kwenye vitambaa vya wateja. Juzi bibi harusi alinusa gauni lake, akanitazama, akaomba arudishiwe kitambaa.

Usidhani nimeacha imani. Mimi bado ni Mkristo, nasali kwenye kile kikanisa chetu kidogo chenye viti vya plastiki. Lakini Yesu ninayemjua mimi alimponya mtu kisha akamwambia, nenda zako, usimwambie mtu yeyote. Huyu Mtumishi ana kamera tatu na mtu wa taa. Nikimwona anavyomfuta mama jasho la uso kwa leso yake, huku anageukia kamera, natamani kutapika.

Mama hasikii la mtu. Wewe ni mdogo wake, alikulea kama mwanawe, na wewe peke yako anakutaja kwa majirani. Nilipiga simu ya ofisi yenu wakaniambia watawa hawaitwi kwenye simu. Basi mwandikie. Mwombe arudi hospitali.

Mpwa wako,
Cherehani
(Kama umesahau, jina hili ulinipa wewe kwa kuwa sinyamazi.)


21 Februari

Mpwa wangu Cherehani,

Marahaba. Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa uani, nikalazimika kusimama na kutembea, maana hasira ni kitu ambacho nilidhani nimekwisha kukizoea.

Nimemwandikia dada barua ndefu, imo humu kwenye bahasha hiihii. Nimemweleza bila kuficha jinsi sisi tunavyoona mambo haya. Mwalimu wetu, Budha, aliombwa mara nyingi awaonyeshe watu miujiza ili wamwamini. Alikataa. Alisema anaiona hatari iliyomo, na kwamba miujiza inamtia aibu na kumchukiza. Mwanafunzi wake mmoja alipaa hewani mbele ya umati ili achukue bakuli la thamani lililotundikwa juu ya mlingoti. Watu walimshangilia. Mwalimu alimkemea kwa maneno makali ambayo siwezi kumwandikia mpwa wangu wa kike, akaamuru bakuli lile livunjwe vipande. Muujiza pekee aliousifu ni wa mtu kufundishwa akaelewa na kubadilika.

Kwa hiyo hata kama Mtumishi wenu angekuwa anaponya kwelikweli, bado ningechukizwa. Mtu aliyeshangazwa amefungwa macho. Atamfuata yeyote aliyemshangaza, popote atakakompeleka.

Nisijifanye kwamba huku ni safi. Siku za mapumziko watu wanakuja kwetu na chupa, wanataka maji aliyoyasomea mkuu wetu, wanayapaka kwenye magoti. Mkuu anawaambia ni maji ya bomba. Wanacheka, wanayachukua hivyohivyo.

Nina hakika dada akiisoma hoja kwa hoja atafumbuka macho. Hakuwahi kuwa mjinga.

Mjomba wako,
Mtawa


9 Machi

Kibogoyo, mdogo wangu,

Bwana asifiwe. Barua yako nimeipata. Nimeisoma kwa miwani, nikaisoma bila miwani, ni ileile. Nilitafuta mahali ulipouliza, "Dada, umelalaje?" Sikupaona.

Umeniandikia habari za mtu aliyepaa kufuata bakuli. Mimi na bakuli wapi na wapi? Umeniandikia kwamba aliyeshangazwa ni kipofu. Mdogo wangu, mimi niliyekubeba mgongoni tangu mama yetu alipofariki, mimi niliyekuwa nakutafunia chakula ulipokuwa kibogoyo, leo ni kipofu wako? Ulipoondoka ukanyoa nywele na kuvaa shuka sikukusema. Nilisema, akili yake imechoka, atarudi. Na wewe umeshindwa kunisitiri hata mara moja.

Nimepona. Nisikilize vizuri. Zamani mguu ulikuwa unawaka moto usiku kucha. Sasa hauumi hata chembe. Juzi Cherehani aliangusha sindano yake, nikaikanyaga, ikaingia mpaka nusu, sikusikia kitu. Kama huo si uponyaji, ni nini? Mtumishi aliponiwekea mikono nilisikia joto likishuka kutoka kichwani. Joto hilo hujawahi kulisikia wewe unapokaa umefumba macho ukihesabu pumzi.

Cherehani ana maneno mengi na hana mume, ndiyo maana anashughulika na mguu wangu. Usimsikilize.

Barua yako nimempa Mtumishi aiombee. Mlango wa wokovu uko wazi, hata kwako na kipara chako. Nakupenda, lakini umeniudhi sana.

Dada yako


12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilisomwa kanisani.

Haikusomwa yote, alichagua. Mtumishi aliinyanyua juu kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya kwa mkia, akasema, "Tazameni adui anavyotuma majeshi yake kumpinga mama mmoja tu! Mngejua mama huyu ni wa thamani kiasi gani!" Mama alilia kwa furaha. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwambia kwamba yeye ni wa thamani kiasi cha kutumiwa majeshi. Unaona ulichofanya? Nilikuomba umwombe, wewe ukamhubiria. Nilikuwa namhitaji mdogo wake, ukaniletea mwalimu.

Na hayo aliyokuandikia kwamba hauumi, ni kweli. Nilimleta daktari wa zahanati hadi nyumbani, nikamwambia mama ni mteja amekuja kupima suruali. Alifunua shuka, akautazama mguu, akaufunika. Nje akaniambia mishipa ya fahamu imekufa, kidonda kimefika kwenye mfupa, vidole viwili vimeshakuwa vyeusi. Aende hospitali kubwa sasa hivi, pengine watakata mguu, lakini atabaki hai. Akicheleweshwa, sumu itaingia kwenye damu na habari itaishia hapo. Mama alipogundua ni daktari alimrushia bilauri.

Sasa sikiliza, na usininyanyulie nyusi zako ulizonyoa. Mama hatafuti hoja. Anataka ishara. Basi mpe. Mwandikie kwamba ulikuwa umekaa huko kwenye kimya chenu, ukamwona. Umeuona mguu wake, umeambiwa aende hospitali. Ukitaja mambo ambayo mtu wa mbali hawezi kuyajua, ataamini. Nitakuandikia yote: vidole vyeusi ni cha mwisho na kinachofuatia, mguu wa kushoto. Chupa ya mafuta anaiweka chini ya kitanda upande wa ukutani. Analala na leso ya Mtumishi chini ya mto, na hakuna anayejua isipokuwa mimi ninayetandika.

Ni uongo mdogo tu. Ni mistari michache.

Cherehani


24 Machi

Mpwa wangu,

Umesema kweli kuhusu barua yangu, na nimeona aibu. Nilifurahia kuiandika. Nilikuwa naitafutia maneno mazuri.

Lakini hilo unaloniomba siliwezi, na lazima nikueleze kwa nini, usije ukadhani ni ukaidi. Mtawa ana sheria nyingi. Akivunja nyingi kati ya hizo anaungama na maisha yanaendelea. Ziko nne tu ambazo akizivunja amekwisha. Ya kwanza ni kulala na mtu, ya pili ni wizi, ya tatu ni kuua. Ya nne ni kudai kwa uongo kwamba una uwezo usio wa kawaida, kwamba unaona yasiyoonekana, kwamba umefika mahali ambapo hujafika. Uongo huo umewekwa safu moja na kuua mtu. Anayeusema hafukuzwi kwa muda. Hawezi kuvishwa joho tena hadi afe, hata alie namna gani mlangoni.

Unajua nilikuwa mtu gani kabla ya kuja huku. Ulikuwa mdogo, lakini ulinikuta sakafuni nimelewa zaidi ya mara moja. Hapa ndipo nilipojifunza kuamka nikiwa mtu. Sina kitu kingine duniani.

Na zaidi ya mimi, fikiria: tumponye dada kwa sumu ileile aliyonyweshwa? Mtumishi anadai kuona, nami nidai kuona? Nikifanya hivyo nina haki gani ya kuchukizwa naye?

Kila alfajiri namtakia dada heri, namtaja kwa jina. Mkuu wetu pia anamtaja. Jaribu tena kuzungumza naye kwa upole.

Mjomba wako


2 Aprili

Mjomba,

Jana jioni nilipofungua bandeji kidole cha mwisho kilibaki kwenye kitambaa.

Nilikaa nacho mkononi. Mama aliuliza, "Vipi, kinakauka?" Nikamwambia kinakauka. Nikatoka uani nikatapika mpaka nikabaki na nyongo. Nimekifukia karibu na bomba, sikujua kinafukiwa wapi.

Ninachukizwa na Mtumishi na mafuta yake. Ninachukizwa na mimi ninayedanganya kila siku bila joho lolote la kupoteza. Lakini kwa kweli, nikikaa kwenye cherehani, ninayemfikiria kwa kinyaa kuliko wote ni wewe, umekaa mahali safi panapofagiwa, unamtakia mama heri. Mtumishi angalau anamshika kwa mikono yake.

Umesema huna kitu kingine duniani. Sawa. Kaa nacho.

Binti wa dada yako


10 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Umelalaje?

Nisamehe kwa barua ile. Sikuandika kama mdogo wako. Leo nina jambo moja tu, na nimemwomba mfanyabiashara anayekuja upande wa kwenu akupe barua hii mkononi, asiipeleke posta.

Jana alfajiri nilikuwa nimekaa kama ninavyokaa siku zote, nimefumba macho. Nilikuona, Dada. Nilikuona umelala ubavu. Chini ya kitanda, upande wa ukutani, palikuwa na chupa ya mafuta. Chini ya mto wako palikuwa na leso isiyo yako. Mguu wako wa kushoto ulikuwa nje ya shuka, na kidole cha mwisho hakikuwepo, na kinachofuatia kilikuwa cheusi.

Kando ya kitanda palikuwa na mtu amesimama. Sikumjua, maana si wa kwetu. Viganja vyake vilikuwa na makovu. Hakukasirika. Alinionyesha mguu wako, kisha akanionyesha mlango, na nje ya mlango niliona jengo refu jeupe na wauguzi wamesimama wakikungoja. Akasema, "Mwambie, mikono yao nimeituma mimi. Aende leo."

Sijui kwa nini alinijia mimi nisiyemfuata. Labda kwa sababu alijua mimi utanisikiliza.

Nenda leo, Dada.

Mdogo wako,
Kibogoyo


26 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo tena.

Yu hai. Wamemkata chini ya goti. Daktari alisema wiki nyingine moja tungekuwa tunazungumza habari za mazishi. Amerudishiwa sindano zake, anakula, anawagombeza wauguzi kwa jinsi wanavyotandika.

Alinifanya nimsomee barua yako, kisha akaichukua akaisoma mwenyewe. Alipofika kwenye leso alipapasa chini ya mto, akaishika, akaniangalia kama anataka kuniuliza kitu. Hakuniuliza. Alipofika kwa mtu mwenye makovu aliweka barua kifuani, akafumba macho, na machozi yakamtiririka mpaka masikioni. Kisha akasema, "Niletee lile gauni la bluu." Basi. Miezi yote ile ya kubembeleza, na ikawa ni gauni la bluu tu.

Yale niliyokuandikia ya kinyaa nayafuta. Sikujua utafanya. Yale makovu sikukupa mimi, jasho lilinitoka nilipoyasoma.

Lipo jambo la kuudhi, na sitakuficha. Mtumishi alikuja wodini na kamera zake. Aliomba barua, akaisoma Jumapili kanisani, safari hii yote, kwa sauti ya kutetemeka. Anasema yeye ndiye aliyeomba Mungu amfunulie hata mpagani, na Mungu akamjibu. Yule shetani wa mwezi wa tatu sasa wanamwita Mwonaji. Watu walianguka chini. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaondoka kabla sijafanya kitu cha kunifikisha polisi.

Na wewe? Joho je?

Mpwa wako,
Cherehani


6 Mei

Cherehani,

Ashukuriwe daktari, na gauni la bluu.

Nilimwambia mkuu siku ileile niliyoituma barua. Aliniuliza mara moja tu: ulijua ni uongo ulipokuwa unaandika? Nikasema ndiyo. Akaniuliza hali ya dada, akaenda mwenyewe kunitafutia suruali. Haikuwa na mkanda, nikafunga kwa kamba. Sasa ninapanga chumba nyuma ya kiwanda cha mikate, nabeba magunia ya unga. Sijalewa. Nilitaka ulijue hilo.

Usinisikitikie kwa joho. Nilidhani ndilo litakaloniuma, na linaniuma, ila kuna kinachoniuma zaidi. Nilikaa kuandika barua ile kwa kinyaa, nikitaka kuweka yale tu uliyonipa na kumaliza. Chupa, leso, kidole. Ingetosha. Kisha kalamu ikashika moto. Nikaona sentensi zinakuja zenyewe, nikamwona dada anavyozisoma, nikajua hasa atakapolia. Ndipo nikaongeza makovu. Hakuna aliyeniomba makovu. Nilimchukua Bwana wake, ambaye mimi simwamini wala simdharau, nikamvalisha kama sanamu ya dukani, nikamtia maneno kinywani. Na nilipomaliza nilijisikia vizuri. Nilijisikia nina nguvu, Cherehani.

Nilikuwa nadhani watu kama Mtumishi huzaliwa wakiwa vile. Sasa najua barua ya kwanza inavyoandikwa.

Ningeandika tena. Mguu wa dada ni mguu wa dada. Lakini nikiosha mikono jioni naona bado michafu.

Mjomba wako


20 Mei

Mdogo wangu Kibogoyo, mwonaji wa Bwana,

Bwana asifiwe sana! Nakuandikia nimekaa uani juani, magongo yangu yameegemea ukuta. Kisiki kinapona vizuri, muuguzi anasema kizuri kama cha msichana. Cherehani ananuna, lakini ananilisha.

Nimemaliza kukukasirikia. Siku zote nilikuwa najiuliza Mungu alikupeleka huko kwa watu wa vipara kwa sababu gani. Sasa najua. Mwenye makovu alikufuata mpaka kule! Kila nikiamka nalifikiria hilo kabla ya jingine lolote. Alisimama kando ya kitanda changu mimi, mwanamke wa kuuza vitumbua. Mguu sioni hasara.

Sasa kuna kazi. Watu wanakuja nyumbani na maswali yao, nami nawaambia ngojeni, nitamwandikia. Wengi ni wa mambo madogo. Ila yupo huyu mmoja, mama wa kwaya, yule mwenye sauti ya kuitikia. Ana uvimbe kwenye titi. Daktari alimpangia siku ya kukatwa, imepita. Amewaambia hospitali anangoja neno lako kwanza. Mimi ndiye niliyemshauri, nikamwambia kwangu ulisema nenda, labda kwake utasema usiende. Tazama kwa ajili yake, mdogo wangu. Kaa kimya kama unavyokaa, umwone. Uvimbe ni wa upande wa kulia, nakusaidia.

Na Mtumishi anasema nauli yako ipo. Anataka usimame naye jukwaani.

Dada yako anayekupenda


29 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimempigia Cherehani kwa simu ya kiwanda amweleze mama wa kwaya aende kwa daktari. Mama huyo amekataa, anataka karatasi yenye mwandiko wangu. Basi hii hapa. Ile nyingine ilisomwa mbele ya watu. Na hii isomwe mbele ya watu haohao, na Cherehani ndiye aisome, asimpe mtu mwingine achague.

Sikuona kitu. Siku ile nilikuwa nimekaa kwenye chumba changu na karatasi, nikatunga. Chupa, leso na kidole niliambiwa kwa barua na mtu aliyekuwa anakufunga bandeji. Jengo jeupe ni kwa sababu hospitali nyingi ni nyeupe. Na aliyesimama kando ya kitanda hakusimama. Nilimtunga mimi, kwa sababu nilijua unampenda.

Mimi si mwonaji. Si mtawa tena, maana mtawa anayedanganya hivyo huvuliwa joho, nami nimevuliwa. Nabeba unga. Sijui chochote kuhusu uvimbe wa mtu yeyote. Mama wa kwaya, daktari aliyekushika na kukupima anajua. Nenda leo. Sisemi nimeona. Nasema nenda.

Dada, niliogopa utakufa. Sikujua njia nyingine. Usiponisamehe nitakuwa nimestahili.

Mdogo wako


11 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Niliisoma. Niliisoma yote, neno kwa neno.

Nilipomaliza nikaikunja karatasi. Kisha Mtumishi akanipokonya kipaza sauti, anatabasamu, akasema, "Mmesikia unyenyekevu huo? Mwonaji wa kweli hujikana!" Watu wakashangilia. Mjomba, walishangilia! Umeandika kwa mkono wako kwamba ulidanganya, nao wanapunga leso. Mama wa kwaya mwenyewe alikuwa amenyanyua mikono juu, anaimba.

Mama alisimama. Hakuomba kipaza sauti. Alikwenda na magongo yake mpaka mbele, polepole, mpaka wakanyamaza wenyewe. Akasema, "Huyu nimemlea mimi. Ile ya maono sikuichunguza, niliitaka mno. Hii ya leo ni sauti yake. Anasema kweli." Mtumishi akataka kumshika bega. Mama akamwambia, "Toa mkono wako, una mafuta." Kisha akamgeukia mama wa kwaya. "Mimi ndiye niliyekuambia ungoje. Nilikosea. Twende." Wakatoka wote wawili, na mimi nyuma nimebeba mikoba.

Mama wa kwaya amekatwa jana. Madaktari wanasema wamewahi, ila si sana. Tutaona.

Nyumbani nilimletea mama chakula. Akaniuliza, "Na yule mwenye makovu? Hata yeye?" Nikamwambia hata yeye, Mama. Akasukuma sahani. Aligeukia ukutani, na sijawahi kumsikia akilia hivyo, hata siku walipomwambia mguu haupo. Asubuhi aliomba kama kawaida yake, kwa sauti ya chini, sikusikia anasema nini.

Jina lako halitaji. Nilipomwambia nakuandikia, alisema nikuambie usikanyage hapa mpaka akuite mwenyewe, na kwamba hajui kama atakuita.

Nimekufikishia maneno yake. Yangu ni haya: njoo. Hawezi kuoga peke yake, mimi nina kazi, na kisiki hakijafunga upande mmoja, kinatoa usaha. Atakutukana. Atakurushia bilauri. Utamfunga bandeji huku anakutukana. Njoo wiki hii.

Cherehani